Mwaka ambao mavuno yamekataa, mkulima anajivunia nini?

Shina_la_Muhindi ameuliza:

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba mnivumilie hadi mwisho, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani na nyumbani sina wa kulijadili naye kwa kina.

Shamba ninalolima nilikabidhiwa na wazazi wangu wakiwa hai, kwa hiari yao, ndugu zangu wote wakiwepo. Ni ekari chache za mahindi na maharage. Sikulazimishwa. Nililitaka, na hadi leo nalitaka. Msimu huu mvua zilianza vizuri, nikapanda kwa wakati, nikawahi palizi ya kwanza na ya pili, mahindi yakashiba hadi wapita njia wakawa wanasimama kuyaangalia. Kisha mvua ikakata ghafla mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, yale maua ya kileleni yenye chavua. Wanaolima wanajua maana yake. Jua likiwa kali kipindi hicho, ndevu za muhindi zinachelewa kuchomoza, na zikija kuchomoza chavua imeshamwagika yote. Sasa hivi nikimenya muhindi mnene wa kunijaza mkono nakuta punje zimejipanga upande mmoja, upande wa pili gunzi tupu. Ukiutazama ukiwa umefunikwa na maganda yake huwezi kujua.

Chakula cha nyumbani kitatosha, akiba ya msimu uliopita ipo ghalani. Kinachonisumbua ni kingine. Mwaka jana nilipovuna vizuri nilitembea kifua mbele. Watu walinisalimia kwa heshima, nikaombwa ushauri, nikakaribishwa viti vya mbele. Mwaka huu kwenye msiba wa jirani nilijikuta nimekaa nyuma kabisa, na hakuna aliyeniambia nikae huko. Mdogo wangu mwenye ajira ya mshahara aliniambia, tena kwa upole, maana ananipenda: "Kaka, wewe bosi wako ni wingu." Sikuwa na la kumjibu.

Swali langu ni hili. Kama fahari ya mkulima ni mavuno, basi mwaka mbaya ukifika mkulima hana kitu, na mdogo wangu yuko sahihi. Kama si mavuno, ni nini? Nataka kitu ninachoweza kukishika mkononi na kumwonyesha mwanangu aliye darasa la sita, ambaye ameanza kuona aibu kusema baba yake anafanya kazi gani. Tafadhali msinipe maneno ya majukwaani kwamba kilimo ni uti wa mgongo. Hayo nimeyasikia tangu utoto na hayajawahi kunisaidia kuamka alfajiri. Nataka kusikia kutoka kwa waliokaa shambani muda mrefu: nyie mnasimama juu ya nini?

Kiwele_Safi amejibu:

Pole sana mkuu. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, nitasema la kwangu kwa ufupi.

Ng'ombe wangu anayekamuliwa zaidi aliwahi kupata ugonjwa wa kiwele, chuchu moja ikavimba, maziwa yakatoka na mabonge. Daktari akamchoma antibayotiki. Kwenye chupa ya dawa pameandikwa muda ambao maziwa hayaruhusiwi kuuzwa wala kunywewa. Siku ya tatu kiwele kilikuwa kimenywea na maziwa yametakata, meupe kabisa, na ule muda ulikuwa bado. Mtu wa kukusanya maziwa alikuja na madumu yake akayaona yako kwenye ndoo, akasema lete, hakuna atakayejua. Nikayamwaga mbele yake. Niliendelea kumwaga asubuhi na jioni hadi muda ulipoisha.

Kuna watu miili yao inakataa dawa hizo, na tone linaweza kuwadhuru. Na dawa zikiendelea kuingia mwilini kidogo kidogo, vijidudu vinazizoea, mwishowe mtoto wa mtu anaumwa na dawa haifanyi kazi. Haya siyatungi, kila mfugaji ameshaambiwa, tofauti ni nani anafuata.

Ukiniuliza najivunia nini, sikutajii lita ninazouza. Nakutajia zile nilizomwaga. Mwonyeshe mwanao kitu cha namna hiyo, ataelewa.

Mama_wa_Mbegu amejibu:

Mwanangu Shina, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika, maana kwa umri wangu nakuzaa. Aliyetangulia amesema vizuri mno. Nitaanzia hapo hapo.

Kwanza usijilaumu kwa kutembea kifua mbele mwaka jana. Ghala likijaa mtu afurahi, ashukuru, achinje kama ana cha kuchinja. Anayekwambia mavuno si kitu hajawahi kulala akiwaza watoto watakula nini. Lakini ndani ya mavuno yale kulikuwa na sehemu mbili zimechanganyika: ya mvua na ya kwako. Mwaka mzuri huwezi kuzitenganisha, na watu wanakusifia zote kwa pamoja. Mwaka mbaya ya mvua inaondoka, ya kwako inabaki peke yake, na ndiyo unayoiulizia. Basi nikutajie ninazozijua mimi. Mwenyewe utaangalia zipi unazo.

Anza na mahindi yako haya haya machache. Muhindi uliopigwa na ukame ndio unaoshambuliwa zaidi na ukungu unaoleta sumukuvu. Ile sumu inaharibu ini, na kuipika hakuimalizi. Watu waliifahamu vizuri baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula chenye karanga zilizoota ukungu, na leo tunajua inaua na watu. Haina harufu, haina ladha, na punje yenye sumu inaweza kuonekana kama punje nyingine. Kwa hiyo mwaka huu ndio mwaka wa kuonekana wewe ni mkulima wa namna gani. Usianike chini kwenye vumbi, tandika turubai. Ikitanda mvua ya ghafla funika, usiseme itakauka tena. Yaliyotobolewa na wadudu na yaliyobadilika rangi weka pembeni, wala usimpe kuku ukadhani umeokoa kitu, maana sumu inampata kuku na inakurudia wewe.

Kupima ukavu huhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka chumvi kavu kidogo, ongeza punje hadi theluthi moja hivi ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, unaweza kufikiria ghala. Unyevu unaotakiwa kwa kuhifadhi ni kama asilimia 13, na meno yako peke yake hayawezi kukwambia hilo, hata kama babu yako alikuwa anauma punje na kutikisa kichwa. Ninapomuuzia mtu mahindi, mtu ambaye sitamwona tena maishani, naye hajui kama nilitikisa chupa au sikutikisa, mimi najua. Hapo ndipo ninaposimama, mwanangu. Mnunuzi anaona kilo. Sisi tunajua yaliyo nyuma ya kilo.

Sasa udongo. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo roho yangu ilipo. Umesema unalima maharage. Chukua mwanao, nendeni shambani maharage yakiwa yameanza kutoa maua, lakini msiling'oe shina kwa kulivuta. Chimbeni pembeni kwa jembe, mliinue na udongo wake, mlioshe taratibu kwenye ndoo. Mtaona vinundu kwenye mizizi, vidogo, vimeshikana kama shanga. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi kwa ndani, mle kuna bakteria wako kazini, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuipa mmea. Kikiwa cheupe au cha kijani, kazi hakuna, au imekwisha. Mwachie mtoto apasue mwenyewe vingi vingi. Mtoto wa darasa la sita anayejua kusoma afya ya shamba kwenye ukucha wake hataona aibu tena, nakuhakikishia. Anajua kitu ambacho mwenzake hakijui.

Na mabua yako, usichome. Najua mwaka mbaya mtu anatamani kulisafisha shamba lote kwa moto asilione. Yalaze juu ya udongo yafunike, au yakate uweke kwenye mboji. Marekani miaka ya 1930 walikuwa na mashamba makubwa kuliko tunavyoweza kuota, na matrekta, lakini walikuwa wameng'oa nyasi nyingi zilizoshika udongo wa nyanda zile. Ukame ulipokuja udongo ukapaa na upepo. Tarehe 14 Aprili 1935 vumbi lilifunika jua mchana, watu wakadhani dunia imekwisha. Mwaka huo huo serikali yao ikatunga sheria ya kuhifadhi udongo. Udongo wa juu wenye rutuba hutumia karne nyingi kujijenga sentimita chache. Anayeulinda analinda kitu ambacho hakuna mshahara unaokinunua. Mimi nikiingia shamba la mtu siangalii urefu wa mahindi kwanza. Naangalia makinga maji, naangalia kama maji ya mvua yanayotoka shambani kwake ni maangavu au mekundu. Hapo nimeshajua mwenyewe ni nani.

Nikuambie na jambo ambalo wengi hawatalipenda. Heshima ya viti vya mbele kwa sababu ya magunia ni heshima ya magunia. Usiililie. Angalia wanaokuja kwako kuomba mbegu, na wanaokuuliza lini upande ndipo nao wapande. Mwaka huu bado watakuja? Wakija, hao ndio waliokuheshimu wewe.

Mdogo wako mpe salamu. Mwambie wingu halimwamuru kaka yake kutikisa chupa.

Daftari_la_Shamba amejibu:

Nimesoma wote kwa makini. Mama nakuheshimu, na mambo ya sumukuvu na udongo yote kweli tupu. Lakini naomba nipingane kidogo, kwa sababu nimeona fahari ya namna hii ikiwaumiza watu wema.

Nimekulia kwenye familia ya wakulima waliojivunia sana kazi yao na hawakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Ukiuliza mmepata faida? "Tunashukuru." Ukiuliza mlitumia kiasi gani? Kimya. Nguvu zao hawakuzihesabu, za watoto ndio kabisa. Walipouza kwa hasara hawakujua kwamba ni hasara, na wanunuzi walipenda sana kuwasifia kwamba ni wakulima wa kweli, huku wakiwapunja kwenye mizani. Fahari isiyo na daftari inamfanya mkulima awe rahisi kudhulumiwa. Kwangu mimi thamani ya kwanza shambani ni kujiambia ukweli.

Kwa hiyo, Shina, kabla ya kumwonyesha mwanao vinundu, au baada ya hapo, mkabidhi daftari. Mvua ilinyesha lini, ilikatika lini, ulipanda lini, mbelewele zilitoka lini. Hesabu mashina. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, shina moja kila shimo, hekta inabeba mashina 44,444. Je, wewe yalisimama mangapi? Mistari kumi hivi uliyoihesabu vizuri itakupa picha. Hapo ndipo utakapojua sehemu ya mvua na sehemu yako, ambazo Mama amezitaja. Bila hesabu huwezi kuzitenganisha hata mwaka mbaya. Utabaki kusema "ni mvua" kila mwaka.

Na jambo la pili: ukame wakati wa mbelewele unaweza kupunguziwa makali. Usipande shamba lote siku moja. Gawa, tofauti ya wiki mbili hivi kati ya sehemu na sehemu kama msimu unaruhusu, changanya mbegu ya muda mfupi na ya muda mrefu, maua yasitoke yote kwa pamoja. Sehemu inayokauka mapema weka mtama, maana mtama wenyewe unaweza kutulia mvua ikikata na kuendelea kukua ikirudi, muhindi hauwezi hivyo. Mkulima anayejipanga hivi nampa viti vya mbele mimi mwenyewe.

Na kwa mdogo wako nina jibu la takwimu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa makadirio mwaka 2021 kwamba mashamba yaliyo chini ya hekta mbili yanazalisha takriban theluthi moja ya chakula cha dunia. Amwangalie kila anayekula mezani kwake, ajue.

Jembe_la_Kuazima amejibu:

Samahanini wakubwa, mimi naomba kuuliza kabla ya kuchangia. Fahari hii mnayoizungumzia, sisi vibarua tumo?

Sina shamba. Nalima ya watu, napalilia ya watu, navuna ya watu. Wakati wa salamu za mavuno mwenye shamba anapongezwa, mimi nasimama pembeni na jembe ambalo saa nyingine hata si langu. Lakini kazi naijua. Naijua palizi ya mahindi machanga, kwamba magugu yapigwe yakiwa madogo, ndani ya zile wiki za mwanzo, maana ukichelewa yameshakula sehemu ya muhindi na hutairudisha. Najua muhindi ukishafika kiunoni jembe lisizame, unakwangua tu juu juu, kwa sababu mizizi imeshatambaa katikati ya mistari na ukiikata mmea utasimama kijani leo na kunyauka kesho kutwa jua likiwaka. Mwenye shamba akirudi jioni anaona shamba jeupe, halina magugu, anafurahi. Hajui kama nimekata mizizi au sijakata. Najua mimi. Kwa hiyo Mama nimekuelewa kuliko wengi humu, lakini katika yote uliyoyaandika hukututaja.

Ninachokiona mimi ndio kipimo cha mwenye shamba ni jinsi anavyoishi na wanaomfanyia kazi. Kuna mtu alinipa bomba la kupulizia dawa likiwa linavuja mgongoni, bila glavu, bila cha kufunika mdomo, akaniambia niwahi kabla jua halijawa kali. Maharage yake yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote. Sijawahi kurudi pale. Na kuna mwingine, shamba lake la kawaida kabisa, yeye hunipa kizibao cha mikono mirefu na buti, hunionyesha upepo unatoka wapi ili nitembee usinipulizie usoni, na jioni ananilipa tulichopatana hata kama siku hiyo yeye hakuuza kitu. Kwake naenda hata akiniita usiku.

Kaka Shina, mwaka huu mbaya umewalipa vibarua wako? Kama umewalipa kabla hujajua utavuna nini, mimi kwangu umeshajibu swali lako.

Shina_la_Muhindi amejibu:

Nimewasoma nyote zaidi ya mara moja. Asanteni kwa kunichukulia kwa uzito.

Jembe, ndiyo, niliwalipa. Waliopalilia palizi ya pili niliwamalizia wiki ile ile mvua ilipokata. Sikuliona kama ni jambo. Mke wangu aliposoma ulichoandika alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Unaona?" Mmoja wao alikuja jana kunijulia hali, hana kazi kwangu sasa hivi na hakuja kuomba. Nilikuwa sijajiuliza kwa nini alikuja.

Kiwele, habari yako ya kumwaga maziwa nimemsimulia mwanangu. Ameuliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea, hasa ng'ombe alijisikiaje. Daftari, nimelinunua, na yeye ndiye atakayeliandika, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Tumeshahesabu mistari. Mashina yalikuwa yamesimama vizuri, mapengo machache, kwa hiyo tumeandika: shamba lilikuwa sawa hadi wiki ya mbelewele. Kuliona hilo kwa maandishi kumenipa nguvu ambayo sikuitegemea.

Sasa Mama, jina lako ni Mama wa Mbegu na hujagusa mbegu! Mimi napanda mbegu ya kienyeji ya mahindi tuliyorithi, siyo chotara. Katika kumenya nimeona jambo. Mashina mengi yamebeba magunzi yenye mapengo, lakini huku na kule kuna shina limejaza muhindi mzima, punje hadi kwenye ncha, katikati ya wenzake walioshindwa. Nilitaka kuyachanganya na mengine tukale. Niyafanyeje?

Mama_wa_Mbegu amejibu:

Jembe, mwanangu, umenikumbusha jambo la haki na ninakushukuru. Mumo, tena ninyi ndio mnaolifahamu shamba kwa mikono. Mwenye shamba asiyejua nani alipalilia mstari upi hajui shamba lake.

Daftari, sina ugomvi na wewe. Andikeni.

Shina, usiyale hayo! Sikugusa mbegu kwa sababu nilitaka kwanza nijue unapanda nini. Ingekuwa chotara ningekuambia acha, maana mbegu ya chotara ukiirudia msimu wa pili mimea inatoka tofauti tofauti na nguvu inapungua. Kwa ya kienyeji mwaka huu umeletewa kazi ambayo mwaka mzuri huwezi kuifanya. Mvua ikiwa nyingi kila shina linajaza, huwezi kujua lipi lina uvumilivu. Ukame umekuchagulia. Shina lililowahisha ndevu zake zikakutana na chavua wakati wenzake wamechelewa, uwezo huo linaweza kuwa limeuzaa kwenye punje zake.

Wapo watu waliokufa kwa ajili ya jambo hili. Leningrad, mji wa Urusi, ilipozingirwa na jeshi la Ujerumani kuanzia mwaka 1941, ndani ya mji kulikuwa na taasisi ya mbegu iliyojengwa na Nikolai Vavilov, mbegu zilizokusanywa kutoka pande nyingi za dunia. Yeye mwenyewe alikuwa kifungoni, akafia huko mwaka 1943. Wanasayansi wenzake walibaki na ngano, mpunga, mahindi na viazi vya mbegu, na mji unakufa njaa. Baadhi yao walikufa njaa, akiwemo mtunzaji wa mpunga, wamezungukwa na mifuko ya nafaka, hawakuila. Huwa nawawaza hao kila ninapofunga mbegu zangu. Wewe una akiba ghalani, hutalazimika kujinyima namna hiyo, kwa hiyo huna sababu ya kuila.

Fanya hivi. Kama kuna ambayo hujavuna, acha kuvuna kwanza. Tembea na mwanao shamba zima, mfunge kamba au kitambaa kwenye kila shina lililojaza. Ligaweni shamba vipande vipande, na kila kipande mchukue yaliyo bora ya hapo hapo, hata kama kipande kingine kina mazuri zaidi, kwa sababu udongo haufanani. Mashina ya pembezoni msiyachukue. Ya kwenye mapengo pia acheni, na yaliyo karibu na mfereji, maana hayo yalipata maji na nafasi ya peke yao, hayakuvumilia chochote. Chagueni lililojaza likiwa limebanana na wenzake. Pia liwe halijaanguka wala kuoza gunzi.

Mkusanye kutoka mashina mengi, mia moja au zaidi kama yanapatikana. Muhindi unachavushana na jirani zake, ukitumia mashina machache damu inakaribiana na baada ya misimu michache mbegu inadhoofu. Kama hayafiki, ongezeni yaliyofuatia kwa ubora. Msiyapukuchue kwa kupiga, yatapasuka kiini. Pukuchueni kwa mkono, punje za ncha na za kitako mziweke pembeni mzile, za katikati ndizo mbegu kwa kuwa zinalingana ukubwa. Zikaukie kivulini palipo na hewa, mtikise chupa, kisha muweke kwenye chombo kinachobana kisichopitisha hewa, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, wasiingie.

Na kabla ya kupanda, wekeni punje mia kwenye kitambaa chenye unyevu, mwanao ahesabu zilizoota aandike kwenye daftari lake. Ukipata zaidi ya themanini, njoo uniambie, na unibakizie kibaba kimoja.